Shukrani kwa dada wa treni ya Kigoma

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linanisumbua hadi leo. Ulipandia Tabora, ukakaa mbele yangu, ukaniona nakatakata na kuandika upya insha ya kuombea chuo Marekani. Ukasema, "Lete nisome, mdogo wangu."

Tulipofika Kaliua ulikuwa umeshafuta aya yote ya kwanza, ile ya "tangu utotoni nimependa elimu". Alama zangu, ulisema, zimo tayari kwenye vyeti; insha ni mahali pa kunisikia mimi mwenyewe. Insha ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, mwisho wake ni maneno 650, nami nilishamaliza 200 kwa kujisifu.

Halafu ukaniuliza mama anafanya kazi gani. Anaanika dagaa Kibirizi, kule Kigoma ziwani, nikakujibu. Ukataka siku moja tu, si maisha yake yote. Nikakusimulia usiku ule mvua ilipotukuta, dagaa wote wakalowa, nikakesha na kibatari kupiga upya hesabu za deni ili mama asiuze cherehani yake. "Andika hiyo," ukasema, "wala usiipambe." Hukuniandikia hata sentensi moja. Uliuliza tu, ukaniacha nijibu kwa kalamu, hadi Uvinza.

Nimekubaliwa, dada, na ufadhili nimepata. Mama anakuombea kila swala. Ukiyasoma haya, pita Kibirizi asubuhi, pale kwenye vichanja. Dagaa wako wametengwa. Na kalamu yako nyekundu ninayo.