Ami, dawa ilikuwa mkononi mwangu

Ami, shikamoo.

Naandika hapa mbele za watu kwa kuwa simu zangu hupokei. Eid mbili nimeupita mlango wako bila ya kupiga hodi, na wewe hukunilea hivyo. Siku niliyochapwa chuoni, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka nyumbani. Sijasahau. Lakini karatasi ya kuyamaliza mambo ya kifo cha mwanao, uliyoitia saini barazani, mbele ya wale wazee waliokuja na bahasha, imenikaa kooni.

Nyumbani hakukuwa na mwanamme usiku ule polisi walipomkamata mwanao, nikaenda kituoni mimi. Chupa ya chai ya bi mkubwa niliijaza barafu, nikatia kichupa cha insulini cha mwanao. Askari wa kaunta akaifungua, akaifunga. "Huyu haumwi, ana kiburi." Nikamwambia ana kisukari tangu darasa la sita, akikosa sindano anatapika, halafu hasemi tena. Akaninyooshea kidole nje. Nikamsikia mwanao akiomba maji. Maji, maji. Kisha mahabusu mwenzake akapiga mlango: "Jamani, huyu anapumua vibaya!" Askari hata hakugeuka.

Asubuhi barafu ilikuwa imeyayuka, na wewe ukaletewa maiti.

Unasema ni kudura ya Mungu. Kudura siikatai. Lakini aliyemfungia mtu ndiye mwenye ufunguo, na aliye ndani hawezi kujipeleka hospitali. Katiba ya Muungano, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtu. Ya 14 inampa haki ya kuishi, na ya 30(3) inamfungulia mlango wa Mahakama Kuu aliyevunjiwa haki yake. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo wanaokwambia "haya ya hapa hapa, tuyamalize wenyewe" wanakuzungusha. Na yale magunia mawili ya karafuu aliyokamatiwa mwanao, yawe ya magendo au yasiwe, hakuna hakimu aliyewahi kuyasikiliza.

Unakumbuka Januari 2001, askari walipowapiga risasi waandamanaji hapa Zanzibar? Watu wenye majeraha ya risasi waliogopa kwenda hospitali wasije wakakamatwa, wengine wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Wewe, taa umeizima, ulimfunga jirani kidonda kwa kanga ya mama. Walikufa zaidi ya watu 30, ikaundwa tume, na mimi sijasikia askari aliyesimamishwa kizimbani. Ndiyo maana yule wa kaunta hakuwa na wasiwasi wowote.

Ami wangu, tafuta wakili. Aombe kitabu cha mahabusu kionyeshwe, ijulikane mwanao aliingia saa ngapi na zamu ilikuwa ya nani. Cheti cha daktari usimpe mtu akakitunze. Mimi nitatoa ushahidi.

Bi mkubwa kaniambia umeuliza kwa nini niliondoka. Niliondoka saa nane za usiku, baada ya kurudi kaunta mara tatu, mara ya tatu akaniambia ataniweka ndani na mimi. Nina mtoto ananyonya, Ami. Kama ningelala pale mlangoni, angeipokea ile chupa? Ungelikuwa wewe ungelifanya nini? Niambie, maana nimejiuliza kila usiku na sijaona nilichobakisha.

Kichupa hicho bado ninacho, kimejaa vile vile. Wakili akikitaka, nitakileta mwenyewe.