Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote, na maelezo kamili kuhusu farasi wa nne

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na nyinyi vijana mnaoshika zamu ya wikendi pale bandani, salaam aleikum na Bwana asifiwe. Naleta taarifa ya mwaka kama katiba yetu inavyosema na nitaenda haraka kwa yale mnayajua, manake mengi mliona kwa macho yenu.

Watoto walipanda farasi kila Jumamosi na Jumapili isipokuwa siku za mvua kubwa. Idi zote mbili tulifanya kazi, Krismasi pia, na arusi tulizoitwa hapa Jinja na upande wa Iganga tulienda zote na hakuna bwana arusi aliyeanguka, alhamdulillahi. Ua umezungushiwa nguzo mpya upande wa mto. Tandiko mbili zimeshonwa upya. Chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika tulichoma kabla mvua ya Machi haijaanza, na hilo nililisimamia mimi mwenyewe, manake ugonjwa ule unaletwa na usubi wa jioni na farasi asiyechanjwa akiupata mara nyingi ni siku chache tu amekufa. Wale watatu wetu, Sultani, Nyota na Kahawa, wako hai na wanakula vizuri. Hayo ndiyo ya kawaida.

Pesa zilikuwa hivi, kwa shilingi za Uganda. Kazi ya kupandisha watu na arusi ilileta milioni 14 na laki mbili, ada za wanachama zilileta 5,940,000, matumizi yote ya mwaka yalikuwa milioni 19 na laki sita, na mwaka jana tulibaki na milioni mbili na laki moja, kwa hiyo saa hii kwenye akaunti kuna 2,640,000. Risiti ziko kwa mweka hazina kwenye faili la kijani, na anayetaka kuziona aende akazione, asikae kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, anauliza pesa imeenda wapi.

Sasa nije kwa lile jambo ambalo limezungumzwa sana, na mengine yamezungumzwa nikiwa sipo. Watu wanasema mwenyekiti alikataa farasi wa bei nzuri kutoka Nairobi. Nataka kila mtu asome hapa ilivyokuwa.

Ni kweli tulipata mtu anauza farasi wa mbio aliyestaafu pale Ngong, wa miaka saba, kwa pesa yetu kama milioni nne na nusu. Ni kweli ni bei ya chini. Ni kweli pia kwamba Sultani amefika miaka 22 na hatuwezi kumpandisha watu wazima tena, anabeba watoto wadogo tu na anachoka mapema. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema kwanza kwamba tunahitaji farasi mwingine, kabla hata hao wanaopiga kelele leo hawajaanza kufikiria, kwa hiyo kuniambia sipendi chama kikue ni kunionea.

Nilienda kumwona yule farasi pamoja na daktari wetu wa mifugo, nauli yangu nililipa mwenyewe. Akiwa amesimama ni mnyama mzuri sana, shingo ndefu, manyoya yanang'aa, mtu yeyote angempenda. Lakini daktari alipopitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti, akaniambia na wewe shika hapa. Nikashika. Mguu wa kulia ulikuwa umekauka na mshipa mgumu wa nyuma, yaani kano, umenyooka, wa kushoto ulikuwa umetuna katikati na una joto. Tukaomba akimbizwe polepole kwenye sehemu ngumu siyo kwenye mchanga, na kila mguu ule ukikanyaga kichwa kinaruka juu. Saisi wa pale, yaani mtunza farasi, akasema amelala vibaya tu. Daktari hakusema kitu mbele za watu ila tulipotoka nje akanieleza kwamba ule mshipa ukishachanika hata ukipona haurudi nguvu yake, anaweza kukaa mwaka mzima anakula bila kufanya kazi, na siku ukimpa mtu wa kilo 80 unachanika tena. Mimi nikiwa mwenyekiti wenu nitoe milioni nne na nusu za wanachama kwa mguu ule? Sikutoa.

Halafu hata kama mguu ungekuwa mzima, farasi wa mbio amefundishwa kitu kimoja tangu mdogo, kukimbia akiona wenzake wanakimbia. Lazima afundishwe upya kwa miezi mingi ndiyo umwekee mtoto wa darasa la pili mgongoni huku nyuma boda boda inapiga honi na baluni zinapasuka. Nani kati yetu ana huo muda? Vijana wa zamu ni wanne na wawili wanasoma.

Na jambo ambalo wengi hawataki kulisikia ni kwamba bei ya kununua ndiyo pesa ndogo kuliko zote. Gawanyeni wenyewe, milioni 19 na laki sita kwa farasi watatu, kila mmoja ametula zaidi ya milioni sita na nusu kwa mwaka. Farasi mmoja wa saizi ya Nyota anakula karibu kilo kumi za nyasi kavu kila siku, hapo hujahesabu pumba na chumvi, anakunywa ndoo mbili mpaka mbili na nusu za lita 20, kwato zikatwe kila wiki sita mpaka nane, na fundi wa kwato anatoka Kampala. Malisho yetu ni ekari tatu na kitu. Wakati wa kiangazi hata hao watatu wameyamaliza mpaka vumbi, sa huyo wa nne tungemlisha nini, karatasi ya katiba?

Kuna mwanachama, na sitamtaja, alisema tupunguze gharama kwa kuchukua dawa ya kupe ya ng'ombe na chakula cha ng'ombe, eti mifugo ni mifugo. Nawaomba sana jambo hili lisirudiwe. Ile dawa yenye amitraz ambayo kila mfugaji hapa anapulizia ng'ombe wake, ukimpulizia farasi inaweza kusimamisha utumbo, na farasi hawezi kutapika, akishikwa na tumbo anagalagala mpaka afe. Na kuna vyakula vya kiwandani vya ng'ombe na kuku vimewekwa dawa inayoitwa monensin, ng'ombe havimfanyi kitu lakini kwa farasi kiasi kidogo tu kinaua moyo. Mimi ndiye nilipiga marufuku magunia ya aina hiyo kuingia stoo yetu na nikaitwa mkali. Sawa, niiteni mkali.

Wengine wanasema komiti haikuwa na haki ya kuamua peke yake. Hapa naomba tuwe wakweli. Mkutano wa kuamua uliitwa mwezi wa nane, ujumbe nilituma kwenye grupu na wazee nikawapigia simu mmoja mmoja. Tuko wanachama 38. Walikuja 11. Katiba inataka nusu. Tulikaa chini ya mwembe tangu saa nne mpaka chai ikapoa, wengine wakatuma ujumbe "niko njiani", na njia hiyo sijui ilikuwa inapitia wapi kwa sababu mpaka adhuhuri hawakufika. Muuzaji alitaka jibu wiki ile ile. Komiti ikaamua, na kifungu cha mambo ya haraka kinaruhusu. Mtu ambaye hakuja hawezi kusema hakuulizwa.

Na ada. Ada yetu ni 30,000 kwa mwezi, ambayo kwa watu 38 kwa mwaka ingekuwa 13,680,000. Tunadai 7,740,000. Yani nyinyi wenyewe mnaoniuliza farasi wa nne yuko wapi, yuko mifukoni mwenu, na trela lake na kibali chake cha kuingia kutoka wizarani Entebbe na cheti cha afya cha kuvukia Busia vyote viko humo humo. Hajati mmoja, mjane, analipa kila mwezi kwa mobail mani tarehe moja bila kukumbushwa, na hana hata mjukuu anayepanda. Afande wetu mstaafu amelipa mwaka mzima kwa mpigo. Halafu kuna watu wana magari na wana madeni ya miezi kumi, na ndio wanaoongea zaidi. Inaniuma, nasema wazi inaniuma, manake mwezi wa kumi saisi wetu alikaa bila mshahara mpaka nikatoa mfukoni mwangu, na jambo hilo hamkuliona kwenye grupu kwa sababu sikutangaza.

Mbele tukijaliwa tutatafuta farasi aliyehasiwa, mtulivu, asiye mrefu sana, wa miaka kati ya minane na kumi na mbili, ambaye ameshazoea watu na magari. Kuna mzee mmoja Eldoret ameahidi kutuangalizia. Pia tunaongea na jirani upande wa chini atukodishe ekari mbili tupande nyasi ya Rhodes, akikubali tutaweza kukausha wenyewe badala ya kununua. Sultani hatauzwa. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia wazo hilo pia, na mnyama aliyelisha chama hiki miaka yote hiyo atazeekea hapa.

Mapendekezo ya komiti ni kwamba kura ya farasi mpya ipigwe kwenye mkutano mkuu, lakini wapige wale ambao ada zao haziko nyuma zaidi ya miezi mitatu. Daftari la ada liko kwa mweka hazina kila siku baada ya saa kumi, na siku ya mkutano atakaa mlangoni nalo kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni mapema, na mje na picha za farasi mnaowafahamu huko mliko, bei yake, umri wake, na anauzwa kwa nini.

Mwenyekiti wenu