Gazeti la wiki huishi kwa matangazo madogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niitikie makala mliyoichapa kuhusu historia ya Village Voice, gazeti la kila wiki la jijini New York. Mwandishi wenu ameeleza vizuri ujasiri wa waandishi wake na heshima waliyoipata, lakini hakueleza fedha za kuwalipa waandishi hao zilitoka wapi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo historia yenyewe. Naandika nikiwa Mbeya, ambako nawasikia vijana wenye vipaji wakizungumzia kuanzisha gazeti la wiki la Nyanda za Juu Kusini, na nisingependa waingie katika kazi hiyo wakijua upande mmoja tu wa habari.

Village Voice lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1955. Waanzilishi wake, wakiwemo Dan Wolf, Ed Fancher na mwandishi wa riwaya Norman Mailer, walilifanya liwe gazeti la mtaa mmoja, Greenwich Village, na vita yake kubwa ya mwanzo ilikuwa ya mtaa huo huo. Robert Moses, ofisa aliyekuwa na nguvu kubwa juu ya barabara na bustani za jiji, alitaka kupitisha barabara katikati ya bustani ya Washington Square; gazeti likasimama na wakazi, wengi wao akina mama wenye watoto wadogo, na kabla ya muongo ule kwisha bustani ile ilikuwa imefungwa kwa magari. Mwaka 1956 lilianzisha tuzo za Obie kwa ajili ya maigizo ya kumbi ndogo. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ilikuwa ya hasara, na nafuu ilikuja pale magazeti makubwa ya jiji yalipokwama kwa mgomo wa siku 114, kuanzia Desemba 1962 hadi Machi 1963, wakazi waliokosa cha kusoma wakaligeukia gazeti ambalo awali hawakulijali.

Walikuta makala ndefu, na walikuta pia kurasa za nyuma zilizojaa matangazo madogo madogo: chumba kinapangishwa, mpiga gitaa anatafutwa, mhudumu wa mgahawa anahitajika. Katika jiji ambalo chumba cha bei nafuu ni adimu, kurasa hizo zilikuwa na thamani kuliko habari yoyote ya ukurasa wa mbele. Ilifikia wakati watu wakapanga foleni Jumanne usiku kwenye meza ya magazeti ya Astor Place ili wapate nakala za kwanza, wampigie simu mwenye nyumba kabla wengine hawajaamka. Watangazaji wale wadogo ndio waliomlipa Wayne Barrett, mwandishi wa gazeti hilo aliyeanza kuchimbua biashara za Donald Trump mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndio waliomwezesha Mark Schoofs kuandika mfululizo wa makala nane kuhusu UKIMWI barani Afrika, uliochapwa mwaka 1999 na kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2000. Sisi wa Iringa na Mbeya, mikoa iliyokuwa miongoni mwa iliyoumizwa zaidi na ugonjwa ule nchini, tulitafakari hilo: mtu aliyelipia tangazo la kupangisha chumba chake kule Manhattan alichangia, bila kujua, nauli ya mwandishi aliyekuja kuandika juu ya misiba ya Afrika.

Ubora wa fedha ya namna hiyo ni kwamba haina bwana. Watangazaji elfu wanaolipa kidogo kidogo hawawezi kukutana chumbani wakakubaliana kulinyamazisha gazeti, ilhali mtangazaji mmoja mkubwa anahitaji kupiga simu moja tu. Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi unatoka Chicago. Gazeti la Chicago Reader, lililoanzishwa na vijana mwaka 1971 na kugawiwa bure tangu siku ya kwanza, liliishi kwa matangazo, na mwaka 1990 lilichapa uchunguzi mrefu wa John Conroy kuhusu polisi waliowatesa watuhumiwa chini ya kamanda Jon Burge. Conroy aliendelea kuirudia habari ile kwa miaka mingi. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993, akatiwa hatiani mwaka 2010 kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, na mwaka 2015 jiji likakubali fidia ya dola milioni 5.5 kwa walioteswa. Gazeti linalotegemea zabuni za matangazo ya ofisi za jiji lisingethubutu kumpa mwandishi wake muda wote huo, na kwa hapa kwetu, ambako matangazo ya serikali na ya kampuni chache kubwa ndiyo yanayobeba magazeti mengi, sihitaji kueleza zaidi.

Mwandishi wenu amesema simu janja ndizo zilizoliua Village Voice. Jeraha liliingia mapema zaidi. Craig Newmark alianza kusambaza matangazo kwa barua pepe mjini San Francisco mwaka 1995, na tovuti yake ya Craigslist ilipoenea katika majiji mengine kuanzia mwaka 2000, tangazo la chumba likawa bure. Village Voice lilikuwa limeshaanza kugawiwa bure Manhattan mwaka 1996, kwa hiyo halikuwa na fedha za mauzo za kuegemea. Wamiliki walibadilika, kutoka Rupert Murdoch mwaka 1977 hadi wengine waliofuata. Nakala ya karatasi ilikoma Septemba 2017, gazeti likafungwa Agosti 2018, na ingawa mmiliki mwingine alilifufua mwaka 2021, foleni ya Astor Place haikurudi.

Nchini mwetu tumekuwa na magazeti ya wiki ya makala nzito, Rai tangu mwaka 1993 na Raia Mwema tangu mwaka 2007, na nayaheshimu, lakini yote yamehaririwa Dar es Salaam. Chukua mfano wa habari ya huku kwetu: Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Wafugaji wakaondolewa katika bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, ambako maji ya mto huo hupita, mwaka 2006 na 2007. Wakulima wa mpunga wa Mbarali wameishi na mgogoro wa ardhi na maji miaka yote hii. Habari hiyo inagusa mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanayochangia umeme wa gridi ya taifa, lakini hufika magazetini pale tu kiongozi anapofanya ziara. Anayestahili kuiandika ni mtu anayeishi huko huko Mbarali, Rujewa au Igawa, anayemjua mkulima na mfugaji kwa majina, na ambaye atakuwepo wiki inayofuata.

Mtu huyo atalipwa na nani? Matangazo madogo ya Mbeya yameshahamia kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye nguzo za umeme, tena bila malipo. Pamoja na hayo, naona pengo moja. Anayetafuta chumba Mwanjelwa au Uyole humlipa dalali kabla hajajua kama chumba kipo, na mkulima wa viazi wa Umalila hana pa kumpata mnunuzi anayekubali gunia la vipimo halali badala ya lumbesa. Tangazo lililohakikiwa, yaani gazeti limemwona mwenye nyumba na limekiona chumba, ni kitu ambacho watu wangekilipia hata leo.

Kwa hiyo, kabla vijana hawajahangaikia leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na gharama za mtambo wa uchapaji, nakuomba, Ndugu Mhariri, utenge ukurasa mmoja kila wiki kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini: nusu iwe makala moja ndefu ya mwandishi anayeishi huku, nusu iwe matangazo madogo yaliyohakikiwa na wakala wako, kwa bei ambayo mama lishe wa Kabwe anaweza kuilipa. Ujaribu kwa miezi sita, kisha uchapishe hesabu zake, mapato na matumizi, ili wanaotaka kuanzisha gazeti lao wajue wanachokikabili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, Uyole, Mbeya