Vituo vya afya vijiandae kabla ya mvua

Mhariri,

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, zinajulikana sehemu kubwa ya Uganda. Mto Nyamwamba wa hapa Kasese uliingia hospitali ya Kilembe Mei 2013, ukarudi Mei 2020. Mbale ilifurika Julai 2022. Bado utakuta zahanati ya bondeni imepanga maboksi ya dawa sakafuni, eti msimu ukifika yatahamishwa. Mafuriko ya milimani yanaweza kushuka usiku, kwa saa chache, wakati zamu ina muuguzi mmoja na askari. Hao hawawezi kuhamisha stoo. Kazi hiyo ni ya Februari na Agosti.

Waulizeni wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi, kisha mpige mstari wa rangi ukutani. Chini ya mstari huo visikae dawa, rejista, betri za sola wala soketi. Kanuni ya stoo ya kuinua maboksi sentimita 10 kutoka sakafuni inazuia unyevu tu, mto haiuzuii. Mitungi ya oksijeni ifungwe ukutani kwa mnyororo, kwa sababu mtungi ukianguka na vali ikavunjika, unaruka kwa nguvu ya kuua.

Chanjo ndizo zinazoharibika kwa nia njema. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo. Joto libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Ikibidi kuhamisha, watu hutoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzipanga papo hapo kwenye kibebea chanjo. Hilo ni kosa kubwa. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) na ile ya magonjwa matano zikiganda zimekufa, na kwa macho chupa inaweza kuonekana nzima. Mtoto atachomwa sindano isiyomkinga. Acheni pakiti nje mpaka mkizitikisa msikie maji yakicheza ndani, ndipo mpakie.

Jenereta iwashwe kila wiki, friji ikiwa imeunganishwa. Pimeni inakula lita ngapi kwa saa, mzidishe kwa saa 72, yaani siku tatu, hayo ndiyo mafuta ya akiba. Ikae nje, juu ya jukwaa, mbali na madirisha ya wodi: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Wagonjwa wa ng'ambo ya mto wanaotumia ARV (dawa za VVU), dawa za kifua kikuu, kifafa, presha au insulini wapewe dozi za ziada kabla daraja halijakatika. Wajawazito wa mwezi wa mwisho wasogezwe karibu na kituo.

Maji yakishapungua, tope litolewe kwanza. Klorini inayomwagwa juu ya tope huishia kwenye tope. Kisha tumieni nguvu ya asilimia 0.5: dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Someni lebo, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Kidonge kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe hata pakiti ikiwa kavu, na kiandikwe ili kifidiwe.

Tunaomba maofisa wa afya wa wilaya wakague mstari wa rangi, jenereta na vibebea chanjo kila Februari na Agosti, na waruhusu sehemu ya fedha za kituo inunue rafu za ukutani. Kwa sasa kituo kikiomba mbao huambiwa kisubiri dharura itangazwe.

Wahudumu wa afya,
Kasese