Barua kwa sahibu yangu, wakili wa Lamu

Malindi

Sahibu yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Waraka wako umenifikia, nami nimeusoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa umeniuliza jambo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuliamua kwa haraka: wakili mwenye wateja wake aende kuwania kiti cha wadi katika bunge la kaunti?

Unajua kwamba nilikaa katika bunge la kaunti muhula mmoja tu wa miaka 5, kisha nikarejea kwenye uwakili. Mwaka wa kwanza ulinitesa. Mahakamani nilizoea kumshawishi hakimu kwa ushahidi na sheria, lakini bungeni hoja huweza kuanguka asubuhi kwa sababu wenzako walikwisha kukubaliana usiku. Sikuwa na subira ya kukaa barazani na mwakilishi wa wadi nyingine, tukinywa kahawa, nikamfafanulia mswada wangu kabla haujasomwa. Mswada ule ulifia katika kamati, na kosa lilikuwa langu.

Hata hivyo sijuti, na sababu yake ni hii. Ibara ya 185 ya Katiba ya Kenya imeyapa mabunge ya kaunti mamlaka ya kutunga sheria, na ibara ya 196 inayalazimu kuwashirikisha wananchi. Lakini asipokuwapo mtu wa kusimama na kuuliza tangazo la mkutano lilitolewa lini, kwa lugha gani, na watu wa visiwani walifikaje, ushirikishwaji hubaki kuwa karatasi ya mahudhurio. Kwenu jambo hili mnalijua kwa uchungu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na mwaka uliofuata leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ikafutwa. Katika mashauri yote mawili, wananchi kutoshirikishwa ipasavyo kulikuwa miongoni mwa sababu. Kesi ya wavuvi ilifunguliwa mwaka 2012. Kila nikiifikiria miaka ile 6 huniuma, maana maswali yaliyoulizwa mbele ya majaji yalistahili kuulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Lamu ina wadi 10 tu, kwa hiyo sauti ya mwanasheria mmoja haitapotea. Wala hili si bunge la muda mfupi kama lile la jimbo la Pwani la mwaka 1963, lililoongozwa na mwanasiasa Ronald Ngala, ambalo halikudumu.

Basi gombea, sahibu yangu, lakini usifunge ofisi, na usishike kesi yoyote inayoihusu kaunti. Wale wazee wanaosubiri hatimiliki za mashamba yao wasihangaike kwa ajili ya uchaguzi wako: niletee faili zao kabla ya kampeni kuanza, nami nitasimama nao mahakamani mpaka utakaporudi.

Nduguyo wa Malindi