Kabla hujachimba msingi wa bweni la pili

Tabora, Novemba

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku. Mvua zimeanza, maembe yamejaa sokoni, na sote ni wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wafadhili wamekubali kutoa fedha za bweni la pili la makao yenu ya watoto, lenye vitanda 40, na unataka nikukagulie makadirio ya fundi. Nimeyapitia, hayana kasoro. Lakini nakuomba usichimbe msingi kwanza. Fedha hizo zina kazi nyingine hapo Kasulu, ya kuwarudisha watoto wa makao kwenye familia, na kazi hiyo itawafikia watoto wengi kuliko vitanda 40.

Anza na majalada. Katika makao mengi, juu ya jalada pameandikwa "yatima", lakini ukifungua ndani unakuta mama yupo Buhigwe, bibi yupo Heru Juu, baba alikwenda machimboni na hajarudi. Kilichomleta mtoto ni njaa, ugonjwa wa mzazi, sare ya shule, au mama kufariki wakati wa kujifungua. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyeweza kukaa na wazazi wake, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, na kwamba mtoto wa chini ya miaka 3 anayehitaji malezi mbadala alelewe ndani ya familia. Sheria yetu ya Mtoto, nayo ya 2009, inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Na ujue jambo hili: kitanda kitupu huita mtoto. Kiongozi wa kijiji akisikia nafasi ipo, atamleta mtoto ambaye angebaki kwao kwa msaada mdogo tu.

Niruhusu nikae hapa kwenye watoto wachanga, maana huko Kigoma ndio mlango mkubwa wa kuingilia. Mama amefariki, baba amebaki na kichanga cha kilo 3, hakuna maziwa, ndugu wanamkimbiza makao. Wanasema atarudi akianza kula ugali. Akifika miaka miwili hamjui bibi yake, na bibi keshazoea kuishi bila yeye. Romania watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi kwa kura. Waliopelekwa familia waliendelea vizuri zaidi, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa hiyo kichanga hasubiri, hata kama mna bweni safi kiasi gani.

Anachohitaji mtoto huyo kinahesabika. Maziwa ya kopo ni takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 4 anatumia mililita 600, zigawanywe mara 7 au 8, usiku ukiwemo. Kwa miezi 6 ya mwanzo ni unga wa kilo 20 hivi, yaani kopo 50 za gramu 400. Usimpe shangazi au bibi anayemlea kopo zote kwa pamoja. Mpe kila wiki mbili, 3 mwanzoni na 5 kuelekea mwisho, na kila anapochukua mtoto apimwe uzito na kadi ya kliniki itazamwe. Mstari wa uzito kwenye kadi ukilala, muulize anavyochanganya, tena umwambie achanganye mbele yako. Mara nyingi utaona tatizo ni lile lile: kopo linakaribia kwisha, kwa hiyo kijiko kimoja kimewekewa maji ya vijiko viwili ili yafike siku ya mgao. Mtoto anashiba maji na anakonda. Au uji umeanza akiwa na miezi mitatu. Ndiyo maana nasema ugavi usikatike hata wiki moja; ukikatika, hakuna semina itakayomzuia bibi kukoroga uji.

Mfundishe kulisha kwa kikombe kidogo. Chupa na chuchu yake havisafishiki kirahisi kwenye nyumba ya maji ya kuchota, na kuhara ndiko kunakowaua hawa. Kikombe kinaoshwa kwa maji na sabuni, kinachemshwa kwenye sufuria. Na kama yupo ndugu anayenyonyesha na yuko tayari, kliniki impime VVU na kumshauri kwanza. Huyo ni bora kuliko kopo lolote.

Sasa kwa wakubwa. Kumtafuta ndugu huanza na aliyemleta, kisha mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, daftari la kliniki alikozaliwa, msikiti au kanisa la wazazi. Usitangaze redioni jina la mtoto pamoja na historia yake yote, maana atatokea mtu akikariri uliyoyasema mwenyewe. Bakiza jambo moja au mawili: kovu, jina la utani, jina la mbuzi wa kwao. Anayedai awe wa kwanza kuyataja, na mtoto aulizwe peke yake.

Afisa ustawi wa jamii awemo tangu siku ya kwanza, si siku ya kusaini. Mtoto asiondoke kwa kupeana mikono tu. Kama ndugu hawapo kabisa, afisa ndiye anayemtafutia familia ya malezi ya kambo, yaani familia isiyo ya ndugu itakayomlea, na kufungua njia ya mahakama pale inapohitajika kuasili. Kwa familia za Kiislamu, Ujiji kwa mfano, eleza mapema kwamba mtoto anabaki na jina la baba yake. Wengi wanaogopa kujitokeza kwa kudhani watalazimishwa kumbadilisha ukoo.

Nyumba itembelewe si chini ya mara mbili, mara moja bila taarifa. Sakafu ya udongo isikutishe. Uliza mtoto atalala wapi na nani, chandarua kipo, nani analewa, shule iko umbali gani. Kaa mpaka chakula kiive. Nyumba ambayo watoto watano wamezunguka sinia moja la ugali na mgebuka, na mdogo anasogezewa kipande kisicho na miiba, hiyo ina nafasi ya wa sita. Nyumba ya bati jipya ambayo mtoto wa ndugu anasubiri jikoni wenzake wamalize, hiyo haina. Waulize na majirani, halafu watoto wa nyumba hiyo. Watoto husema ukweli kuliko wenye nyumba.

Mtoto atayarishwe polepole: ndugu waje kumwona, kisha aende kushinda, kisha alale wikiendi, kisha likizo. Kuhama kabisa kuwe Desemba, ili Januari aanze darasa pamoja na wenzake. Aondoke na cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho wa shule, kadi ya kliniki, picha zake alizopigwa makao. Anayetumia dawa za VVU apate barua ya uhamisho wa kliniki na dawa za mwezi mzima mkononi, na mlezi mmoja aelekezwe saa za kuzinywa kabla ya safari. Ndugu wawili wasitenganishwe ili kurahisisha hesabu. Watoto wenye ulemavu nao wasiachwe hadi mwisho, kwa sababu watakaobaki wa mwisho hubaki moja kwa moja. Panga mapema mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, na mtu wa kumpumzisha mama walau siku moja kwa wiki.

Msaada utolewe kwa kaya nzima. Ukimnunulia mtoto aliyerudi sare na viatu, na wenzake wanne wanakwenda pekupeku, umempandia chuki nyumbani. Wala usitoe fedha nyingi siku ya kumkabidhi, maana watajitokeza wanaoitaka hiyo fedha. Afadhali sare za wote, mahindi ya kuwafikisha mavuno, na mbuzi wawili baada ya miezi mitatu ya kukaa vizuri. Mwelekeze bibi kwenye kikundi cha wanawake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa bila riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nayo muulize mtendaji, ila usimuahidi bibi, maana kaya hupitishwa na mkutano wa kijiji.

Kuvunjika kwa malezi mapya mara nyingi hutokea miezi mitatu ya kwanza, wageni wakishaacha kuja. Mtembelee ndani ya wiki ya kwanza, tena wiki ya pili, kisha kila mwezi hadi wa 6, halafu kila miezi mitatu hadi mwaka wa pili. Wengine hutoroka kurudi makao kwa sababu makao kuna wali na televisheni. Hao usiwafungie mlango wala usiwapokee moja kwa moja, warudishe ukiwa nao na mzungumze wote pamoja. Wengine wamegeuzwa vibarua. Ukiwa na mtoto aliyekuja upande wetu, Urambo au Kaliua, mtembelee msimu wa kuvuna tumbaku na utazame viganja vyake. Utomvu mweusi kwenye vidole, kizunguzungu na kutapika jioni baada ya kuchuma majani mabichi yenye umande, hiyo ni sumu ya nikotini inayopita kwenye ngozi. Shambani na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku si mahali pake.

Linalobaki ni fedha, na hapo ndipo makao mengi hukwama. Mfadhili analipa kwa kichwa cha mtoto, kwa hiyo mtoto akirudi kwao mshahara wa mlezi nao unaondoka. Zungumza nao kabla hujamrudisha hata mmoja. Chukua matumizi yote ya miezi 12, mishahara, kuni, umeme na ulinzi vikiwemo, gawanya kwa idadi ya watoto, uweke kando ya gharama ya kopo 50 au sare za kaya moja. Waambie pia ukweli kwamba kwa muda gharama zitapanda, kwa kuwa mtalipa makao na familia kwa pamoja. Walezi wenu wafundishwe ufuatiliaji wa nyumbani, maana wanawajua watoto. Jengo lililopo litafaa malezi ya mchana na kupima vichanga.

Wakikuambia haiwezekani kwetu, waonyeshe kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapo hapo wilayani kwenu, ambako watoto waliopotezana na wazazi hulelewa na familia za wakimbizi wenzao. Waonyeshe na Rwanda, walioanza kupunguza vituo 2013 kwa mpango unaoitwa Tubarerere mu Muryango. Wewe Muha huhitaji mkalimani wa jina hilo: tuwalee ndani ya familia.

Nitumie hesabu za miezi 12 kwa mtu atakayepanda treni ya kuja Tabora, pamoja na orodha ya watoto wa chini ya miaka 3: tarehe walipoletwa, aliyewaleta, na mara ya mwisho ndugu kufika. Majina usiyaandike, weka namba za majalada tu. Tuanze na hao.

Nisalimie shemeji na watoto, na walezi wote wa zamu ya usiku.

Nduguyo akupendaye