Oral Roberts alijua kuchangisha, bodi haikujua kukataa

Ndugu Mhariri,

Oral Roberts, yule mhubiri wa Marekani, akitajwa huku kwetu, mazungumzo ni ya mahema, uponyaji na "kupanda mbegu", yaani kutoa sadaka ukitarajia Mungu akurudishie zaidi, fundisho ambalo wahubiri wetu wengi wamelichota kwake, wajue wasijue. Husahaulika kwamba tangu 1963 hadi 1993 alikuwa pia rais wa chuo kikuu alichokianzisha mwenyewe mjini Tulsa, Oklahoma. Mimi naona hapo ndipo pa kumpimia.

Kujenga alijua. Mwaka 1981 alifungua hospitali ya City of Faith, minara mitatu, mmoja wa ghorofa 60. Alikuwa ameugua kifua kikuu ujanani na kuamini kwamba maombi ndiyo yaliyomponya, kwa hiyo alitaka daktari na mwombaji wakutane kando ya kitanda kimoja. Wazo hilo silicheki hata leo. Shida ilikuwa vitanda 777 alivyopanga. Hospitali za Tulsa zilipinga, zikisema mji una vitanda vya kutosha. Yeye akasema ametokewa na Yesu mwenye kimo cha futi 900. Vitanda havikujaa, na mwaka 1989 hospitali ikafungwa.

Miaka miwili kabla ya hapo alitangaza kuwa zisipopatikana dola milioni 8 Mungu angemwita, akapanda Mnara wa Maombi pale chuoni kufunga na kusubiri. Dola milioni 1.3 zilitoka kwa mwenye viwanja vya mbio za mbwa huko Florida, biashara ya kamari. Zilipokelewa.

Bodi ya chuo ilikuwa wapi? Mwanawe Richard alirithi kiti, akajiuzulu mwaka 2007 huku chuo kikishtakiwa na waliokuwa walimu wake, na deni limepita dola milioni 50. Familia ya Green, wafanyabiashara wa Oklahoma, ikakiokoa kwa dola milioni 70, lakini kwa sharti kwamba uongozi usukwe upya. Mwaka 2009 ndipo akaingia Mark Rutland, rais wa kwanza asiye wa ukoo huo. Chuo kipo mpaka leo.

Najua nitaambiwa kwamba bila ujasiri wa mzee kisingekuwepo kabisa. Sawa. Basi wahubiri wetu wanaoomba ithibati ya vyuo vikuu watuonyeshe kwanza wajumbe wa bodi wasio mke, mtoto wala shemeji wa mwanzilishi. Ramani za majengo tutaziangalia baadaye.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma